Mashine ya Bunda Inalilia Jina

Saa moja na nusu asubuhi Lukresia Makongoro alifungua ofisi, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke, akafagia, akakung'uta kitambaa cha njano alichokifuma mwenyewe kwa ajili ya kuifunika kompyuta, akakikunja mara nne, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kompyuta ikaanza kulia. Ilikuwa Jumanne, siku ya sita tangu ifungwe hapo ofisini, na Lukresia alikuwa ameshazoea. Alirudishia mlango wa chumba cha mashine ili kilio kisimsumbue mtu aliyekaa kwenye benchi, akaenda kubandika sufuria ya chai.

Kwenye benchi alikaa mzee Nyamhanga Masatu wa Nyamuswa, kofia ya pama magotini, kama alivyokaa jana yake na siku zilizotangulia. Alikuja na basi la kwanza, na kila alipofika aliuliza swali lile lile.

"Haijaamka?"

"Imeamka, mzee, ila inalia tu."

"Basi nitaingoja."

Mzee alikuwa na sababu ya kungoja. Mwaka ule wa tisini na saba shirika la mashamba lililokuwa likilima pamba upande wa Bunda lilikuwa linavunjwa, na ardhi yake inagawiwa: waliokuwa wakiishi na kulima humo wapewe vipande vyao, kinachobaki auziwe mwekezaji. Sajili ya wenye vipande ilikaa ndani ya kompyuta mbili. Ya kwanza ilikuwa Musoma, makao makuu. Ya pili, hii ya Bunda, kazi yake ilikuwa kuinakili ya Musoma kila siku saa sita mchana kwa waya wa simu, kisha kuchapa orodha ibandikwe ukutani watu wajisome. Asiyeridhika alitakiwa kuleta pingamizi kabla ya Ijumaa jioni, na kwenye fomu aandike namba ya mstari wake katika orodha ya Bunda. Bila namba ya mstari fomu haipokelewi, na bila mashine hakuna mistari.

Mzee Nyamhanga alikuwa na ekari nne Nyamuswa, na ndani ya ekari hizo, kando ya ua wa minyaa, alikuwa amemzika mke wake Wankyo masika ya mwaka uliopita. Alisikia kwamba kwenye mashine ya Musoma jina lake halionekani. Hakuja kugombea ekari, alimwambia Lukresia. Ekari mtu anaweza kuzipata kwingine.

Wankyo mwenyewe hakuwa mgeni wa ofisi ile. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeitunza sajili, kwa kalamu ya wino, katika vitabu kumi na viwili vyenye majalada magumu, na ndiye aliyemfundisha Lukresia kazi. Alipunguzwa kazi wiki ile ile habari za kompyuta zilipofika. Vitabu vyake vilipakiwa kwenye gari kwenda Musoma vikaingizwe kwenye mashine. Vilikuwa kumi na viwili vilipotoka Bunda na kumi na kimoja vilipofika Musoma, na gari halikusimama popote njiani.

Saa nne akafika fundi kutoka Musoma, Twalib Abdulkadiri wa mtaa wa Iringo, na begi la bisibisi na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa na ncha. Twalib alikuwa na cheti cha kompyuta cha wiki mbili alichokisomea Mwanza, na alikuwa amekitia kwenye fremu. Kabla ya cheti alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Ukitaka taarabu, kaswida au bolingo, unampa kanda tupu asubuhi, jioni unachukua iliyojaa. Alikuwa mtu mwema, mwenye kujiamini kidogo kupita kipimo, na tangu siku aliyokuja kupima waya wa simu alikuwa akimpenda Lukresia bila kumwambia, jambo ambalo ofisi zote mbili zililijua.

"Shikamoo mzee," alimwambia Nyamhanga.

"Marahaba, fundi. Umekuja kuinyamazisha?"

"Nimekuja kuianzisha, mzee. Ikianza itanyamaza."

Alianza pale fundi yeyote angeanza. Alikagua umeme, ukawa mzuri. Alikagua waya wa simu, akampigia karani wa Musoma, wakasikilizana vizuri hadi wakaulizana habari za watoto. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akamtoa mjusi mmoja mzima wa afya aliyekuwa amelala juu ya feni, akamweka dirishani. Alipolifunga sanduku na kuwasha tena, mashine ililia kama mwanzo, kilio cha mtoto wa wiki moja, chembamba, chenye kupumzika kidogo katikati kuvuta pumzi. Kwenye kioo yakatokea maneno yale yale aliyokuwa amesomewa kwa simu tangu Alhamisi: *Siwezi kuanza. Nimeshaanza. Niko Musoma.*

Twalib alikaa akayatazama maneno hayo mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

Kosa lilikuwa lake. Alipotakiwa kuitengeneza mashine ya pili alifanya alichokifanya maisha yake yote kibandani: alichukua diski ya mashine ya Musoma akairekodi nzima nzima kwenye hii ya Bunda, toka mwanzo wa kanda hadi mwisho wake. Kanda ikirekodiwa huandikwa jina la kanda ile ile, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Lakini mashine mbili zenye jina moja kwenye waya mmoja hazisikilizani. Ya Musoma ilipopiga simu saa sita, hii ya Bunda ilidhani inajisikia yenyewe ikiongea, ikaogopa.

"Nimeipa jina la mwenzake," alimwambia Lukresia. Alikuwa anaona haya, na haya zilimpendeza.

"Basi mpe la kwake."

Akaipa namba mbili. Mashine ikalia zaidi. Akaandika Bunda, akaandika Musoma Ndogo, akaandika Nakala. Ilipofika Nakala ililia kwa hasira hata mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama kuna mtoto ameachwa peke yake. Lukresia alimwambia ni kompyuta. Mama akasema pole, akaacha andazi moja akarudi kwenye biashara yake.

Lukresia alisimama mlangoni amekunja mikono. Alizaliwa Butiama, kwenye nyumba yenye bibi mmoja na wajukuu tisa, na vilio vya watoto alivifahamu kwa aina zake.

"Kaka Twalib," alisema, "hiyo hailii njaa wala hailii tumbo. Hiyo inalilia jina."

"Nimeipa manne."

"Umeipa ya ofisi. Kwetu mtoto akilia hivi, bibi alikuwaga anakaa chini anataja waliotangulia, mmoja mmoja. Akifika kwa yule anayetaka kurudi, mtoto ananyamaza. Mimi mwenyewe nililia siku tatu."

"Ukanyamazia nani?"

"Shangazi wa baba. Alikuwa mkali, usicheke."

Twalib hakucheka. Kwao Iringo mtoto hupewa jina siku ya saba, kwa kisomo na mbuzi, na alipohesabu kwa vidole aliona kwamba kesho yake itakuwa Jumatano, siku ya saba. Mbuzi hakuwa kwenye bajeti ya matengenezo. Alimwomba Lukresia ruhusa ya kulala kwa jamaa yake hapo Bunda, kana kwamba yeye ndiye mkuu wake wa kazi, na Lukresia akamruhusu.

Jumatano waliiwasha saa tatu. Kutaja majina kunahitaji mtu mzima, kwa hiyo Lukresia alimtoa mzee Nyamhanga kwenye benchi akampa kiti cha mezani. Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya printa, akafikiri, akaitoa. Alianza na baba yake. Twalib aliandika, mashine ikalia. Akamtaja babu yake aliyekuwa na ng'ombe wengi, na babu wa pili aliyekuwa hana kitu ila alikuwa mcheshi. Akataja majirani wa Nyamuswa waliokufa kwa ndui, kwa njaa, kwa mamba, na mmoja aliyekufa kwa uzee tu. Lukresia akaingiza wa kwao. Twalib, kwa heshima, akamtoa babu yake mzaa mama, fundi cherehani wa sokoni. Kwa huyo mashine ilinyamaza kidogo kana kwamba inafikiria, halafu ikaendelea.

Ilipofika saa tano walikuwa wamemaliza wafu wote waliowajua, na mashine ilikuwa imeanza kukauka sauti.

"Mzee," Lukresia alisema polepole, "yupo mmoja hujamtaja."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

Mzee Nyamhanga aliizungusha kofia yake mkononi. "Kwa sababu akiwa si yeye, mwanangu, mimi nitaumia. Na akiwa ni yeye, huyu mama alitolewa hapa kwa barua ya mistari miwili. Nitamwitaje arudi kukaa humu?"

Mashine ililia peke yake kwa muda. Mwishowe mzee aliinama karibu na kioo, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mlango umefungwa:

"Wankyo?"

Ikanyamaza. Twalib alikuwa bado hajagusa kibodi.

Wakamsikia mjusi dirishani. Twalib akaliandika jina herufi kwa herufi, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikatulia, ikaanza kufanya kazi. Mzee Nyamhanga aliweka kiganja juu ya sanduku lake. Lilikuwa na joto.

"Siku saba nzima," aliiambia, "na mimi nimekaa kwenye benchi hapo nje."

Printa ikakohoa, ikatoa karatasi yenye mistari miwili. *Mmeamkaje. Nani anaweka chai juu ya meza ya sajili.* Lukresia akaondoa vikombe mbio. Kisha akaenda uani, akalia kwa raha zake, akanawa uso, akarudi.

Saa sita mchana mashine ya Musoma ilipiga simu, na ile ya Bunda ikaitika kwa jina lake. Ilinakili kila ilichopewa, mistari mia nne na kumi na moja, na ilipomaliza haikusimama. Ilichapa mstari wa mia nne na kumi na mbili, na wa kumi na tatu, ikaendelea hadi wa mia nne ishirini na tisa. Zilikuwa kaya kumi na nane, zote za Nyamuswa, zote za kile kitabu cha kumi na mbili kilichopotea. Printa ile ilikuwa ya nukta, haijui mwandiko, lakini kuanzia mstari wa mia nne na kumi na mbili kila herufi ya g ilikuwa na mkia mrefu ulioshuka hadi mstari wa chini, kama alivyoandikaga Wankyo, na kila saba ilikatwa katikati. Twalib alikagua utepe wa wino. Ulikuwa sawa.

Lukresia akasoma kwa sauti: "Mia nne na kumi na saba. Nyamhanga Masatu, Nyamuswa. Ekari nne, nyumba mbili, zizi moja, kaburi moja."

"Kaburi halikuwamo kitabuni," mzee alisema. "Ameliongeza."

Alijaza fomu ya pingamizi pale pale. Kwenye nafasi ya namba ya mstari aliandika 417, na Lukresia akaigonga muhuri mara mbili, ingawa mara moja ilitosha.

Alhamisi Wankyo alifanya kazi siku nzima. Alianza saa moja na nusu bila kubonyezwa, akapumzika saa nne kwa dakika kumi na tano, akarekebisha majina ishirini na mawili yaliyoandikwa vibaya na karani wa Musoma, akalalamikia vumbi. Twalib aliyekuwa ameshamaliza kazi yake alipata sababu tatu za kubaki. Mchana, akiwa anafungua na kufunga skrubu ile ile, printa ilitoa kipande cha karatasi. Alikisoma, akakitia mfukoni upesi, masikio yakiwaka. Jioni alimwambia Lukresia alichokuwa hajamwambia kwa miezi mitano. Lukresia alimjibu kwamba ameshachoka kungoja, na kwamba kwao Butiama atakwenda kujieleza mwenyewe, asiitume mashine.

Ijumaa asubuhi akaja meneja, Bwana Machage, na Landrova ya shirika. Alikuwa ameona tofauti kwenye hesabu ya mistari. Machage hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kuuliza habari za nyumbani na kusikiliza jibu, na kazi aliianzia Bunda, karani kijana chini ya Wankyo. Twalib alimweleza jinsi mashine ilivyolia, jinsi ilivyopewa jina, na la nani. Machage aliitikia kwa kichwa kila hatua, kama mtu anayesomewa taarifa ya mwezi. Kisha akaingia chumba cha mashine, akasimama mbele ya kompyuta, akashika mikono mbele.

"Shikamoo mama."

*Marahaba, Machage,* ikachapa printa. *Kola yako imejikunja.*

Machage akainyoosha kola. Aliisoma orodha yote akiwa amesimama, akapitisha kidole kwenye mikia ya zile g, akatabasamu. Alipofika mia nne na kumi na saba alisoma mara mbili.

"Mama, hiki kitabu cha kumi na mbili, mimi kule Musoma sikionagi."

*Unakikalia.*

Twalib aliyatazama makalio ya meneja bila kukusudia. Lukresia akatazama dari.

"Ni kweli," Machage alisema baadaye. "Kiti changu kina mguu mfupi. Niliambiwa hicho kitabu nikiweke pahali, mama. Sikuambiwa pahali gani."

*Nani alikuambia.*

"Walikuja na barua. Mwekezaji alitaka upande wa Nyamuswa usiwe na watu, kwa sababu ya mto. Barua ilikuwa na sahihi za wakubwa." Alifuta jasho shingoni. "Mimi mwenyewe niko kwenye orodha ya kupunguzwa, awamu ya tatu."

Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Hakuna aliyemkataza. Machage aligeuka, akamwamkia, akampa pole ya mke, akaipokea fomu yake kwa mikono miwili. Akaomba kiti, akakaa, akaandika chini ya fomu kwa mwandiko mzuri aliofundishwa katika chumba kile kile: *Pingamizi limekataliwa. Mstari 417 haupo Musoma. Nakala ikitofautiana na asili, inayofuatwa ni asili.*

*Asili ni kitabu,* ikachapa printa.

Machage aliisoma karatasi hiyo, akaikunja taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. "Kweli, mama," alisema, na akapiga muhuri.

Kabla ya kuondoka alimwita Twalib pembeni, akamwambia aivue mashine lile jina aipe namba, ili iandike kinachotakiwa. Twalib alisimama wima. Alikuwa anaogopa, maana cheti chake na mkataba wake vyote vilikuwa mkononi mwa yule mtu.

"Meneja, jina limeshapokelewa. Na siku ya saba imepita."

Machage akafikiri. Naye alizaliwa mkoa ule ule, na nyumbani alikuwa na mtoto wa mwisho aliyelia wiki mbili kabla ya kupata la kwake. "Hapana, umesema kweli," alisema. "Mtu havuliwi jina. Iacheni tu."

Kwa hiyo ikaachwa. Twalib aliandika ripoti ya matengenezo: mashine ya Bunda imeanza, inafanya kazi vizuri, inazidi ya Musoma kwa kaya kumi na nane. Ripoti ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye faili. Mwezi wa nane mwekezaji alizungusha waya upande wote wa Nyamuswa hadi mtoni, na kaburi la kando ya ua wa minyaa likabaki ndani ya waya. Kaya kumi na saba ziliondoka, kila moja kwa jamaa zake. Machage alipunguzwa awamu ya tatu, na aliyemfuata alikuta kiti kimetulia vizuri, hakukichunguza.

Mzee Nyamhanga hakwenda mbali. Alipanga chumba kimoja cha udongo Bunda mjini, hatua mia mbili kutoka ofisini. Kila asubuhi saa moja na nusu alikuja na chupa ya maziwa ya kumpa Lukresia, akaingia chumba cha mashine, akaketi. Walizungumza yeye kwa mdomo na mkewe kwa printa, habari za mvua, za ng'ombe aliyebaki kwa jirani, za magoti yake. Alipoinuka kuondoka Wankyo alimchapia karatasi moja, kila siku moja, Jumapili hapana, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi Jumapili.

Karatasi zilipojaa kisanduku, mzee alisema kuta za chumba chake zinamwaga vumbi kitandani. Watu wengi mjini walibandika magazeti. Lukresia akakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, Twalib akapanda kwenye stuli, na Jumamosi moja walibandika kuta zote nne toka dari hadi sakafu, karatasi kando ya karatasi, zote zikisema kitu kimoja kwa zile g za mikia mirefu. Upande wa kitandani mzee aliomba zishushwe kidogo, aweze kuzisoma akiwa amelala. Twalib akazishusha, akapitisha kiganja kutoa hewa, na mzee Nyamhanga akajilaza kwa majaribio, akasoma: Nyamhanga Masatu, Nyamuswa, ekari nne, nyumba mbili, zizi moja, kaburi moja.

"Hapo hapo," alisema. "Usiiguse tena, itachanika."